Nani Anatoa Saa

Nikienda kwetu Majimoto nikasema nimechoka, ndugu zangu hunitazama mikono kisha hucheka. Wao wamevuna mpunga, wamehamisha ng'ombe, wamesukuma pikipiki kwenye tope. Mimi nimekaa kwenye kiti nikitazama taa. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kuielewa kazi yangu na wala hana mpango huo, akisikia kwamba nashughulika na laini hunipa simu yake nimsajilie nyingine. Nimeacha kubishana naye. Naipokea simu, naipangusa kioo kwa kanga yake, namrudishia.

Laini zangu haziingii kwenye simu. Ni njia za kidijitali zinazotoka kituo kimoja kwenda kingine kwa kupitia minara, na kila mwisho una rauta, mashine inayoelekeza data, yenye kadi ya kuipokea njia hiyo. Kazi yangu ni kuielekeza kadi iongee vipi na mwenzake wa upande wa pili, kisha kuijaribu laini mpaka niiamini. Ni mambo ya zamani. Mijini wameshayaacha, lakini huku Katavi bado tunayo, na mtu anayeyajua hapandishwi cheo wala hafukuzwi. Anaachwa hapo alipo, kwenye chumba chenye baridi ya mashine na harufu ya betri, macho yakimwisha taratibu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa masika yale ya radi. Nilikuwa nimechoka na nilitaka likizo, basi. Nilitaka kulala kwa mama yangu Majimoto mpaka jua linichome kupitia dirishani, niamke, nile, nilale tena.

Mwisho wa laini yangu mojawapo, kule Kapalamsenga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwapo mzee aliyenifundisha kazi. Nasema mzee kwa heshima. Alikuwa hajastaafu, ingawa ilikuwa imebaki miaka michache. Nilipoanza, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa Mpanda, na mimi nilikuwa natumwa vituo vya mbali, Mishamo na kwingineko, kukaa mwisho wa laini na kutii. Alikuwa mkali. Ukikaza kebo vibaya aliichomoa mbele yako bila neno, akakukabidhi, akasubiri. Nilimwogopa, nikamchukia kidogo, halafu siku moja nikagundua kwamba karibu kila ninachokijua kimetoka kwake.

Mwenyewe ndiye aliyeomba kuhamia Kapalamsenga. Watu walishangaa, maana hakuna mkuu anayeomba kushuka. Sababu ilikuwa mke wake. Mama yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Kwanza alisahau funguo, kama sisi sote. Kisha akawa anasahau kama amekula. Mwisho akaanza kutoka nyumbani akisema anakwenda kwao, na kwao ni Kapalamsenga, safari ambayo hata magari huiogopa wakati wa mvua. Siku moja alipotea mchana kutwa. Tulimkuta sokoni hapo Mpanda, amekaa juu ya gunia pembeni ya muuza dagaa, anamsaidia kuchambua huku akimwita mdogo wake. Muuza dagaa alikuwa na adabu ya kutosha kuitikia. Mzee alifika, akamtazama mkewe, hakumwinua. Aliomba gunia jingine akakaa naye.

Kapalamsenga ni tofauti. Huko ndiko mama alikozaliwa. Akitoka nyumbani akashika njia ya ziwani, kila anayekutana naye ni mtoto wa mtu anayemfahamu, na humgeuza taratibu akamrudisha. Nyumba yao imo ndani ya uzio wa kituo, ubavuni mwa chumba cha mitambo, hivyo mzee anaweza kuwa kazini na bado akasikia mlango wake ukifunguka. Kwa watu hawa wawili kituo kile kidogo ndiyo ilikuwa namna pekee ya kuishi iliyobaki.

Basi radi ikapiga mnara wa Kapalamsenga, ikaunguza kadi ya rauta ya mzee, laini ikafa. Bosi wetu wa kanda, aliyekuwa Tabora, alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kuniletea heri. Alisema zitatumwa kadi mpya pande zote mbili, kwa kuwa mpya haielewani na ya zamani, ila ndizo za mwisho. Zahanati na ofisi ya kata kule ufukweni zinaweza kutumia modemu za simu, zikisuasua zisuasue. Nikimwonyesha jaribio la mchana na usiku mzima bila kosa hata moja, laini itabaki. Nikishindwa, kituo kitafungwa na mzee atahamia Tabora akamalizie muda wake huko.

Nilimuuliza kama anazo habari za mke wa mzee. Alisema anazo na anasikitika. Nadhani alisikitika kweli. Ndiyo tabu ya mabosi wa namna yake, hata kuwachukia vizuri huwezi.

Nilimweleza mzee kwa simu ya mnara. Hii ni simu ya mezani ya mafundi. Inapita kwenye redio za minara yenyewe bila kugusa rauta, kwa hiyo hata laini ikifa sisi huongea. Nilimpa shikamoo, nikamwambia yote bila kupamba. Nyuma yake nilisikia kuku.

"Tabora atapotea," alisema. "Mpanda alipotea, na Mpanda mlikuwepo nyie. Tabora nani anamjua?"

Kuacha kazi asingeweza, maana miaka ile michache ndiyo iliyokuwa imeshika mafao yake, na dawa za mama zinanunuliwa. Nilimwambia kadi zikija tutazifunga na laini itapita. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, ile ile niliyojifunza kwake. Nilipoweka simu chini niligundua naogopa, na nikakasirika kwamba naogopa, maana sikuwa na nguvu za kuogopa.

Kadi zilikuja kwa basi zimeviringishwa kwenye kipande cha godoro. Yangu niliifunga Mpanda. Yake ilipelekwa na gari la ofisi, likakwama, likafika kwake limepakwa tope mpaka juu ya paa. Tukaanza kuzipanga.

Hapa nieleze jambo moja. Laini ya aina hii huenda kwa mapigo. Rauta hii inatuma, ile inapokea, na zote mbili lazima ziende kwa mwendo mmoja, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Ili mwendo uwe mmoja, upande mmoja hutoa saa na upande mwingine huifuata. Kwenye rauta ni amri fupi tu: toa, au fuata. Zikitoa zote mbili hazielewani. Zikifuata zote mbili, kila moja inamsikiliza mwenzake ambaye naye anamsikiliza yeye. Taa zinawaka vizuri, mambo yanakwenda kidogo, kisha mwendo unayumba na mchi unagonga mchi.

Kwenye mitambo ya zamani saa ilitoka kwa mzee. Ilitoka kwake alipokuwa Mpanda, na alipohama hakuna aliyeibadilisha. Ikawa inatoka kijijini kuja mjini, kinyume na kawaida, na mimi nikaona ndivyo inavyopaswa. Sasa kadi mpya zilikuja hazina mpangilio wowote. Nilipanga yangu mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye saa niliweka fuata. Mtoa saa ni mkubwa, na mkubwa wangu nilimjua.

Kwanza kila mmoja alijaribu upande wake peke yake. Unachukua kipande cha kebo, unaunganisha tundu la kutuma na tundu la kupokea la kadi yako mwenyewe, na rauta inajisikia inavyosema. Kwa jaribio hilo unaiambia itoe saa kwa muda, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfuata, na ukimaliza unairudisha ilivyokuwa. Yangu ikatoka safi. Yake ikatoka safi. Tukaondoa vipande, tukaunganisha laini yenyewe, taa zikawa za kijani Mpanda na Kapalamsenga, mzee akasema Mungu mkubwa. Nikamimina chai. Haijapoa, makosa yakaanza kuongezeka kwenye skrini, moja, kisha mengine, kisha kwa makundi.

Nilibadilisha kebo. Nilisafisha viunganishi kwa spiriti mpaka vidole vikakakamaa. Mzee naye alibadilisha za kwake, akachimba kuangalia waya wa ardhini, akafuta kila kitu akaanza upya. Kila tulipojaribu mmoja mmoja, safi. Kila tulipoungana, makosa. Nikaulaumu mnara wa katikati ulioko mlimani, kwa kuwa haukuwa na mtu wa kuutetea. Nikapanda huko na dereva. Gari likaishia nusu ya njia, nusu nyingine nikaenda kwa miguu, majani yakinikata magotini. Juu nilikuta nyani na redio nzima kabisa. Nilikaa kwenye zege la mnara nikalia kidogo, si kwa huzuni, kwa ajili ya miguu.

Jioni nilimweleza mzee, akanipa pole mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku zote zile, wapole kupita kiasi. Yeye hakunilaumu kwa lolote na mimi sikumuuliza lolote la maana. Tuliongea umeme, kebo, mvua, aina ya tope. Kumuuliza aliyekufundisha kama amepanga rauta yake sawasawa ni kama kumuuliza kama ameoga. Na lile la saa lilikuwa baya zaidi. Kumuuliza nani kati yetu anaongoza ingekuwa kumkumbusha kwamba alishuka, na kwa nini alishuka. Nikalizunguka. Sikujua kwamba naye analizunguka.

Bosi alitaka matokeo mwisho wa wiki. Zilipobaki siku mbili, asubuhi, simu ya mnara ililia. Ilikuwa mzee. Alisalimia, akaulizia usingizi wangu, akasema, "Naomba ruhusa yako niizime rauta niiwashe upya."

Nilikuwa sijanywa chai na kichwa kinauma. "Ruhusa ya nini, mzee? Zima tu," nikamjibu, nikaweka simu chini kwa kishindo ambacho sijivunii.

Kisha nikabaki naitazama ile simu. Mzee hajawahi kuniomba ruhusa. Miaka yote ile alizima alichotaka kuzima na mimi nikasubiri kiwake. Sasa ananiomba, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia kumwomba yeye nikiwa Mishamo. Kama ananiomba ruhusa, basi mkubwa wa laini hii kwake ni mimi. Nikapiga haraka kabla heshima haijanirudia.

"Mzee, kwako saa umeiwekaje?"

"Nafuata," alisema, kana kwamba nimemuuliza mvua inanyesha kutoka wapi. "Mpanda ni wewe sasa. Nikutolee saa mimi, wa huku mwisho?"

"Na mimi nafuata. Nilikuachia wewe."

Akacheka, cheko la mtu aliyekaa chini baada ya kusimama kutwa. Nikacheka naye, na katikati ya kucheka hasira zikanipanda. Nilikasirikia kebo nilizozibadilisha bure, mlima, zile pole zote. Nilikasirika zaidi kwamba mama yule alikuwa karibu kupelekwa Tabora akapotee, kwa sababu watu wawili wazima wamepishana mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia. Nikamwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Akapokea.

Kisha nikamwambia atoe saa yeye, kama zamani, nami niendelee kufuata. Akakataa. Nikamsihi. Nilijua vizuri ninachokimbia. Anayetoa saa ndiye anayeulizwa laini ikiumwa, ndiye asiyeweza kuzima chake bila mwingine kuanguka, na mimi nilikuwa natafuta pa kuegemea, si pa kubebea wengine.

"Mimi pia nimechoka, mzee," nikasema. "Nilitaka likizo tu."

"Najua umechoka, mwanangu. Sauti yako naisikia. Ila mimi saa zangu siziamini tena. Mama yako akiamka mchana akasema kumekucha, nabandika uji. Nikibishana naye analia, na akilia anaondoka. Kwa hiyo namfuata. Akisema ni asubuhi, ni asubuhi. Kuna siku nashtuka sijui kama nimekula cha mchana au bado. Toa wewe."

Nyuma yake nikasikia mlango. Akasema ngoja, mama anatoka, na simu ikabaki imelazwa juu ya meza yake, wazi. Nilikuwa nasikia upepo wa ziwani na sauti yake kwa mbali ikimwita kwa jina la utani ambalo sitaliandika. Nikavuta kompyuta karibu, nikabadilisha lile neno moja. Nikafuta hesabu ya makosa ianze upya, nikakaa kuitazama. Haikusogea. Muuza maandazi akapita, haikusogea. Mzee aliporudi kwenye simu, akihema, nilimwambia laini imetulia. Akasema na huku mama pia ametulia, wamefika getini tu.

Tuliwasha jaribio la mchana na usiku. Nililala kwangu na viatu miguuni, na asubuhi nikarudi kukuta skrini iko kama nilivyoiacha, bila kosa. Nikaipiga picha, nikamtumia bosi. Akajibu kwamba ni safi na kituo kibaki. Nilipomwambia mzee alisema asante mwanangu, akaweka simu. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, ila kama mtu aliyetua mzigo na mgongo bado umepinda. Nikajiambia wiki ijayo naomba likizo.

Wiki iliyofuata, alasiri moja, simu ya mnara ikalia tena. Nikageuka kutazama taa kabla ya kuipokea. Zilikuwa za kijani.

"Laini ni nzima," mzee aliharakisha kusema. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alinieleza kwamba mama ameamka anasema kumekucha, anataka kwenda shuleni, ameshavaa, na tangu jana yeye hajapata hata nafasi ya kujinyoosha. "Mimi haniamini. Nimemwambia tuwaulize Mpanda. Naomba umwambie saa."

Nikasikia simu ikibadilisha mikono. Nikampa mama shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ile ile ya zamani, ya kuamsha mtaa, nikakaa wima kwenye kiti kama mwanafunzi.

"Mpanda, kumekucha huko?"

"Hapana, mama. Ni saa tisa alasiri. Watoto wameshatoka shule. Angalia jua, limeshageukia upande wa ziwa."

Nikasikia ndala zake zikienda dirishani, zikarudi. Nilijiandaa kwa kilio.

"Kweli," alisema. Kisha akageukia ndani ya chumba, nikamsikia akimwambia mumewe. "Wewe, Mpanda wanasema ni alasiri. Tangu asubuhi hujakaa. Hebu jinyooshe hapo kwenye mkeka, nakuangalizia mitambo."

Mzee hakubisha. Nilisikia akijilaza, akiguna kama watu wa umri wake wanavyoguna, na baada ya muda mfupi sana nikasikia anakoroma. Mama hakuweka simu chini. Tulikaa hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, hakuna anayesema, mashine zikivuma kwake na kwangu. Ofisini kwetu watu walikuwa wanafunga madirisha waende makwao.

"Kesho utakuwepo?" akaniuliza kwa sauti ya chini, asimwamshe.

"Nitakuwepo, mama."

Likizo bado sijaiomba.